Kuzipima Filamu za Kale: Sauti na Lugha katika Kazi za Awali za Ousmane Sembène



Huenda mada niliyoichagua ikawashangaza baadhi yenu. Huu ni mhadhara wa taaluma za Kiswahili, nami nakusudia kuzungumzia filamu tatu za Msenegali, mbili kati yake zikisema Kifaransa na moja Kiwolofu. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wetu siku hizi hutazama filamu nyingi kuliko riwaya wanazosoma, nao huzipima kila siku, ila aghalabu huzipima bila ya kujiuliza wanatumia kipimo gani. Pili, swali kubwa lililomo ndani ya filamu hizi tatu ni swali la lugha: nani anasema, kwa lugha ipi, na nani anamsemea mwenzake. Swali hilo ni letu pia.

1. Tatizo la kipimo

Tangu mwaka 1952 jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likiwauliza wahakiki, kila baada ya miaka kumi, ni filamu zipi zilizo bora kuliko zote. Mwaka 1952 filamu ya Kiitaliano ya wezi wa baiskeli, iliyoongozwa na Vittorio De Sica, ndiyo iliyoongoza. Kuanzia 1962 hadi 2002 nafasi ya kwanza ilishikwa na Citizen Kane ya Orson Welles. Mwaka 2012 ikaja Vertigo ya Alfred Hitchcock, na mwaka 2022 ikawa zamu ya Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Filamu zenyewe hazikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni wapimaji: mwaka 2012 walikuwa 846, na mwaka 2022 walifika 1,639. Katika orodha hiyo ya mwisho, filamu ya Sembène ya mwaka 1966, La Noire de…, ilipata nafasi ya 95 pamoja na nyingine kadhaa.

Je, tufurahi? Tufurahi, lakini tusiache kuhoji. Nambari ya 95 haituelezi filamu hiyo inafanya nini. Inatueleza tu kwamba watu wa kutosha waliikumbuka. Kazi ya mhakiki huanzia pale ambapo nambari huishia.

Katika kuzipima filamu za kale, na hasa kazi za awali za mtu aliyekuja kuwa maarufu, naona mielekeo mitatu inayopotosha. Wa kwanza ni kuipima filamu ya kale kwa zana za leo. Mtazamaji huona picha isiyo na rangi, husikia sauti isiyolingana na midomo, akahukumu kwamba filamu ni duni. Wa pili ni kinyume chake, yaani kumstahi mtu kwa kuwa alitangulia. Sembène huitwa baba wa sinema ya Afrika, na mtu akishaitwa baba, huwa vigumu kumwambia kwamba hapa amekosea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika uhakiki wa filamu za kale, anayelitia maji ni msifu mwenyewe. Wa tatu ni kuzisoma kazi za awali kama vidato vya ngazi tu. Filamu ya kwanza inathaminiwa kwa sababu ya pili, ya pili kwa sababu ya tatu, na hakuna inayotazamwa kwa ajili yake yenyewe.

Mwelekeo huu wa tatu unamdhulumu Sembène kuliko wengi. Alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegal. Alikuwa kuli bandarini Marseille, na riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Mwaka 1960 akatoa Les Bouts de bois de Dieu, riwaya ya mgomo wa wafanyakazi wa reli. Ndipo akaona kwamba wale aliowaandika hawawezi kumsoma, akaenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Alipotoa Borom Sarret mwaka 1963 alikuwa na umri wa miaka 40. Kwa hiyo tusemapo "kazi za awali" za Sembène, hatusemi kazi za kijana anayejaribu kalamu. Tunasema kazi za msimulizi aliyekomaa anayeshika chombo kipya.

2. Masharti na uamuzi

Badala ya mielekeo hiyo mitatu napendekeza maswali matatu. Filamu hii ilitengenezwa chini ya masharti gani? Mwongozaji alifanya uamuzi gani ndani ya masharti hayo? Na uamuzi huo unazaa nini mbele ya mtazamaji? Swali la kwanza hutuepusha na dhuluma, la pili hutuepusha na huruma, na la tatu hutulazimisha kuitazama filamu yenyewe.

Masharti hayakuwa mepesi. Agizo lililotolewa mwaka 1934, lijulikanalo kwa jina la waziri Laval, lilimlazimu kila aliyetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika kuomba kibali cha wakoloni. Mwaka 1955 Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walitengeneza filamu yao ya Waafrika, Afrique-sur-Seine, na waliitengenezea Paris. Hata baada ya uhuru, fedha, maabara za kusafishia filamu na mitambo ya kuunganishia picha na sauti vilikuwa Ufaransa. Aliyeshika mfuko aliweza pia kuishika lugha.

3. Borom Sarret: mtu anayewaza kwa lugha isiyo yake

Borom Sarret ni Kiwolofu, maana yake mwenye mkokoteni. Ni filamu fupi ya dakika zisizozidi 20, nyeusi na nyeupe. Mtu mmoja wa Dakar anatoka asubuhi na mkokoteni wake wa farasi kutafuta riziki. Anabeba majirani wasiolipa. Anampeleka mjamzito hospitali. Anambeba baba aliyepakata maiti ya mtoto wake, naye anafika makaburini akazuiwa mlangoni kwa sababu hana hati zinazotakiwa. Malenga wa mjini anamwimbia sifa za mababu zake, naye anamtunza kwa fedha zote alizochuma. Mwishowe tajiri mmoja anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anamkamata, nishani ya mwenye mkokoteni inaanguka, na polisi anaikanyaga. Mtu anarudi nyumbani na farasi bila mkokoteni. Mkewe anamwachia mtoto, anatoka, akimwambia kwamba usiku huu watakula. Hatuambiwi anakwenda wapi.

Kimsuko, filamu hii imekamilika. Kila abiria anaongeza deni la mtu huyu kwa jamii, na kila deni linampunguzia riziki. Sembène hamlaumu malenga peke yake, wala polisi peke yake. Anaonyesha kwamba utukufu wa kale na sheria ya kisasa vinakutana katika mfuko mmoja mtupu.

Kisauti, filamu ina kasoro. Yote tunayoyajua juu ya mawazo ya mtu huyu tunayapata kwa uzungumzi nafsia, na uzungumzi huo ni wa Kifaransa. Maskini wa Dakar anayemwomba Mungu na kumsemesha farasi wake anawaza kwa lugha ya wale waliojenga Plateau. Watetezi husema kwamba sauti ilirekodiwa baadaye na kwamba fedha hazikuruhusu vinginevyo. Ni kweli, na kweli hiyo inaeleza kasoro bila ya kuiondoa. Tukiitazama filamu leo, bado tunasikia mwanya kati ya uso tunaouona na sauti tunayoisikia. Kwa kipimo changu, Borom Sarret ni filamu bora kwa macho kuliko kwa masikio.

4. Mwanamke Mweusi wa…

Miaka mitatu baadaye, kasoro hiyohiyo iligeuzwa kuwa nguvu. La Noire de… ilitokana na hadithi fupi ya Sembène katika mkusanyiko wake wa mwaka 1962, nayo hadithi ilitokana na habari ya gazetini kuhusu kifo cha mtumishi Mwafrika kusini mwa Ufaransa. Diouana, msichana wa Dakar aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, anawafuata waajiri wake Wafaransa hadi Antibes akidhani ataendelea kulea watoto. Huko anafanywa mpishi, dobi na mfagiaji. Ufaransa yake inakuwa jiko, bafu, sebule na chumba cha kulala. Filamu inakwenda na kurudi kwa mbinu ya kisengerenyuma kati ya Antibes na Dakar, hadi Diouana anapojiua bafuni.

Wanafunzi wa sarufi, naomba mliangalie jina la filamu. Kifaransa kimeliacha wazi: neno la umilikaji lipo, mmiliki hayupo, zimebaki nukta tatu. Tena neno hilo la Kifaransa lina maana mbili, kutoka mahali na kuwa mali ya mtu. Waliolitafsiri kwa Kiingereza waliandika "Msichana Mweusi" tu. Nukta zikapotea, na pamoja nazo shitaka zima. Kiswahili hakina haja ya kupoteza kitu hapa. A-unganifu yetu inabeba maana zote mbili: tunasema "mwanamke wa Dakar" na tunasema "mtumishi wa Bwana fulani" kwa kiungo kilekile. Tukiandika "Mwanamke Mweusi wa…" na kuacha nafasi baada ya kiungo, msomaji atahisi mara moja kwamba kuna mtu au mahali pamefichwa. Ngeli yetu ya watu haibainishi jinsi, hivyo inatubidi kuongeza neno "mwanamke". Hiyo ndiyo gharama pekee.

Sasa turudi kwenye sauti. Mbele ya waajiri wake Diouana husema maneno machache mno, takriban ya kuitikia tu. Ndani ya nafsi yake husema kwa ufasaha, na kwa Kifaransa. Sauti hiyo ya ndani wala si ya Mbissine Thérèse Diop, ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji wa Haiti. Mtazamaji aliyezoea uhalisia atasema kuwa kasoro ya Borom Sarret imejirudia. Tazameni, hata hivyo, uamuzi uliofanywa ndani ya sharti lilelile. Katika kikao cha chakula, wageni wanauliza kama Diouana anajua Kifaransa, na jibu linalotolewa linamlinganisha na mnyama anayeelewa kwa hisia. Sisi watazamaji tumekuwa tukimsikia kwa muda wote huo. Tunajua kwamba kila neno la mezani linafika. Pengo kati ya ukimya wa nje na ufasaha wa ndani halitokani tena na uhaba wa mitambo. Limekuwa ndilo jambo lenyewe linalosimuliwa.

Uthibitisho upo katika tukio la barua. Barua inafika kutoka kwa mama yake Diouana, ambaye hawezi kuandika na amelazimika kuandikiwa. Diouana naye anasomewa na mwajiri wake. Mwajiri, kwa wema anaouamini mwenyewe, anachukua kalamu na kuanza kumwandikia jibu, akimtungia yale ambayo mtoto humwambia mama yake. Diouana anaichana barua. Katika tukio hilo hakuna kofi wala tusi. Kuna mtu anayesemewa, na mtu anayegundua kwamba kusemewa ni kufutwa. Naliona kuwa miongoni mwa matukio mazito zaidi katika sinema ya bara letu, na uzito wake wote ni wa kiisimu.

Filamu ina udhaifu, nao nitautaja. Bibi mwajiri amechorwa kwa mstari mmoja. Uchovu wake na unywaji wa mumewe vinadokezwa, kisha vinaachwa. Mahali pengine sauti ya ndani inarudia kwa maneno yale ambayo picha imekwisha kuyasema. Lakini mwisho wa filamu unafidia mengi. Mwajiri anarudi Dakar na sanduku la marehemu, fedha zake na kinyago ambacho Diouana alikuwa amewazawadia. Mama anazikataa fedha. Mtoto mdogo anakivaa kinyago na kumfuata mgeni hatua kwa hatua hadi anapokimbia. Taashira hiyo haisemi neno, na kwa hiyo haihitaji kutafsiriwa.

5. Mandabi na Hawala

Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, filamu ndefu ya rangi. Jina lenyewe ni darasa la ukopaji wa maneno: nomino ya Kifaransa yenye maana ya hawala imeunganishwa na kibainishi cha Kiwolofu kinachofuata nomino, kama sisi tusemavyo "hawala ile". Ilipigwa kwa matoleo mawili, la Kiwolofu na la Kifaransa. La Kiwolofu ndilo linalohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Afrika Magharibi, na filamu ilipata tuzo katika tamasha la Venice mwaka huohuo.

Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Ili aichukue anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa na picha. Kila mlango unadai karatasi ya mlango mwingine, na kabla hajaigusa hata senti, majirani wamekwisha kukopa juu yake. Mwishowe ndugu msomi anapewa idhini ya kuichukua, kisha anadai kwamba ameibiwa.

Hapa ndipo lugha inapofanya kazi ambayo filamu mbili za kwanza hazikuweza kuifanya. Salamu ndefu za Kiwolofu zinakuwa silaha: anayetaka kukopa husalimia kwa kirefu, naye Dieng, kwa kuwa ni mtu wa heshima, hawezi kuzikata. Maafisa wanahamia Kifaransa pale wanapotaka kumfukuza. Mtazamaji asiyejua lugha hata moja kati ya hizo anaweza kuusikia mpaka huo. Ndiyo maana nawaonya wanafunzi: kabla hamjaipima filamu ya kale, ulizeni mmetazama nakala ipi. Aliyetazama toleo la Kifaransa peke yake hajalisikia jambo kuu la filamu hii.

Barua ipo tena. Dieng hajui kusoma, hivyo anamlipa mwandishi wa barua amsomee ya mpwa wake. Safari hii msomaji hamnyang'anyi mtu maneno. Kadiri barua inavyosomwa tunamwona kijana mwenyewe Paris na kumsikia. Kutoka barua iliyochanwa hadi barua iliyosikika, Sembène alikuwa amepiga hatua kubwa ya usimulizi.

Je, Mandabi ni bora kuliko La Noire de…? Kwa lugha na kwa ucheshi, ndiyo. Kwa ukamilifu wa umbo, la. Mandabi inamalizika kwa mhusika kutuambia kwa maneno wazi kwamba mambo yatabadilishwa na sisi wenyewe. Kauli ni njema, ila kinyago cha mwaka 1966 kilisema zaidi kwa kunyamaza. Mtu aliyeshikilia hoja ya ngazi hawezi kuliona hili, kwa sababu ngazi humlazimisha kuamini kwamba kidato cha juu ni bora siku zote.

Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu hadithi hii kwa njia nyingine. Amandina Lihamba aliigeuza kuwa tamthilia, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Kumbe Dieng alikwisha kusema Kiswahili zamani, na hakuhitaji kupitia kwa mtafsiri wa filamu. Nasikitika kwamba ni nadra kuona tamthilia hiyo na filamu ile zikifundishwa katika somo moja.

6. Yanatuhusu nini?

Historia yetu ya filamu nayo imeanza kwa sauti ya mwingine. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kikoloni wa filamu za kuelimisha Waafrika, wenye makao Vugiri, milima ya Usambara. Picha zilionyesha Waafrika, na maelezo yaliwekwa kando katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Lugha ilikuwa yetu, lakini kauli haikuwa yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Hizo nazo tuzipime kwa maswali yaleyale matatu. Tukizitupa kwa kuwa ni za mkoloni, tutakosa kuona waigizaji walifanya uamuzi gani ndani ya sharti walilopewa. Tukizienzi kwa kuwa ni za kwanza, tutasahau nani aliandika kauli.

Linganisheni pia na desturi ya vibanda vyetu vya video, ambako mfasiri, kama alivyofanya marehemu Lufufu, huiwekea filamu ya kigeni sauti ya Kiswahili juu ya ile ya asili. Wasomi wengi huiona kuwa ni mzaha. Mimi naiona kuwa ni jibu la mtazamaji aliyechoka kusemewa, na inastahili kuchunguzwa kama tanzu nyingine za masimulizi.

Na zipo filamu za video za Kiswahili zilizoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tunazicheka kwa sauti mbovu na mataa makali. Anayeisamehe Borom Sarret sauti yake huku akiikebehi filamu ya Dar es Salaam kwa kosa lilelile, hana kipimo. Ana heshima kwa majina makubwa. Kwa upande mwingine, umaskini wa zana si kinga. Tuwaulize waongozaji wetu swali ambalo Sembène alilijibu mwaka 1966: umelifanyia nini sharti ulilopewa?

7. Hitimisho

Filamu hizi tatu zimefanyiwa ukarabati katika miaka ya karibuni: Borom Sarret mwaka 2013, La Noire de… mwaka 2015 na Mandabi mwaka 2019. Kazi hiyo imefanyika Ulaya kwa sehemu kubwa. Sasa picha ni safi na sauti inasikika, hivyo hatuna tena kisingizio cha kuzihukumu kwa kusikia. Kilichobaki ni jukumu letu. Napendekeza idara za Kiswahili zianze kuandaa tafsiri za Kiswahili za kuwekwa chini ya picha, zikianza na Mandabi, na ziifundishe pamoja na Hawala ya Fedha. Napendekeza pia wanafunzi wa shahada za juu watafute nakala za filamu za Kiswahili za kabla ya uhuru, zilipo ndani na nje ya nchi, waandike orodha yake na hali yake, kabla maandishi yaliyobaki hayajawa ushahidi pekee kwamba ziliwahi kuwapo.

Diouana aliichana barua kwa sababu haikuwa na sauti yake. Filamu isiyohakikiwa kwa lugha yetu itaendelea kupewa nambari na wengine, nasi tutakuwa tukizisoma nambari hizo kama Dieng alivyosomewa barua, kwa malipo.